Kula Mabwerebwere

Siku ya tatu Mikumi, Katarina alikuwa amemaliza wanyama wote. Alishawaonyesha wenzake tembo, twiga pia, viboko bwawani, na simba mmoja aliyelala chini ya mti kama mfuko wa saruji uliosahauliwa na mafundi. Katarina alimshukuru kimoyomoyo kila mnyama aliyejitokeza, kwa kuwa alisogeza mbele safari ya Kilosa kwa nusu saa nyingine. Lakini mume wake, Pekka, Mfini wa mji wa Tampere ambaye kwa siku husema maneno machache kuliko yaliyoandikwa kwenye kiberiti, alishusha darubini na kuuliza swali alilokuwa akiliuliza tangu Dar es Salaam.

"Kati," alimwita mkewe kwa kifupi, "Mabwerebwere lini?"

"Kesho," alisema Katarina. "Bado hatujaona nyati."

"Nyati tumeona jana."

Mtu yeyote wa Kilosa angedhani mwanamume huyu ana hamu ya kufika ukweni. Mabwerebwere ni kata ya mjini Kilosa, yenye nyumba za bati, vigenge vya nyanya na ofisi yake, na ndiko anakoishi mama yake Katarina. Mtu huyo angekosea kabisa. Pekka alikuwa anauliza habari za chakula.

Kosa lilikuwa la Katarina, na lilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Mwezi wa kwanza wa ndoa yao, mama mkwe wake wa Kifini, Helmi, alimwita nyumbani kwake akamkabidhi jiko, akaomba apikiwe kile ambacho Katarina alifundishwa na mama yake. Lilikuwa ombi la upendo. Tatizo ni kwamba Katarina hakujua kupika hata chai isiyofurika. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, na kabla matanga hayajapoa mama yake alikuwa ameshampeleka bweni kwa masista. Huko alikula ugali na maharage ya mpishi mmoja mkali aitwaye Onesphory, ambaye mtoto akikanyaga mlango wa jiko lake alimfukuza kwa mwiko. Likizo akirudi nyumbani, akisogelea mafiga, mama yake naye alimfukuza. "Toka huku. Kasome." Alipomaliza shule alipata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mikumi, akaishi kwa chipsi mayai, mpaka fundi mmoja mrefu wa pampu za maji alipopanga chumba namba nne na kukaa wiki mbili bila kulalamika juu ya kitu chochote.

Basi siku ile kwa Helmi, Katarina alifungua friji, akafungua na kabati, akatia kwenye sufuria kila kilichoonekana hakina madhara: spinachi ya barafu, siagi ya karanga, samaki wa moshi, ndimu, na konzi mbili za zabibu kavu alizodhani ni maharage madogo. Ajabu ni kwamba kililika. Wafini walilamba sahani. Helmi akauliza chakula hiki kinaitwaje, na kichwa cha Katarina kikawa kitupu. Jina la kwanza lililomjia lilikuwa la kwao.

"Mabwerebwere," alisema.

Angeishia hapo, tungemsamehe. Lakini Helmi aliuliza tena: mama yako alikufundishaje? Na Katarina akatia chumvi, tena si ya kipimo. Alisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akimkalisha kwenye kigoda kando ya moto, jioni, akimpa mwiko akoroge, huku mama akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini na kuweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto ili ukorogaji uwe wa taratibu. Alipofika kwenye ule mkono, alilia machozi ya kweli. Alilia kwa sababu alitaka iwe hivyo. Wafini, ambao hawapendi kumwangalia mtu akilia, walitazama sahani zao kwa heshima kubwa.

Tangu hapo hapakuwa na Krismasi bila Mabwerebwere. Helmi aliipeleka kwenye jarida la usharika wake pamoja na hadithi ya kigoda. Pekka aliipenda kuliko chakula chochote cha kwao. Na binti yao Imani, aliyekuwa sasa na miaka kumi na mmoja, aliijua hadithi ya mkono wa bibi kama anavyoijua Baba Yetu, na alipokuwa mdogo hakulala kabla ya kusimuliwa.

Ndiyo maana katika miaka hiyo yote Katarina alikuja nyumbani mara mbili tu, na mara zote mbili peke yake. Ndiyo maana, akiulizwa kwao ni wapi, alijibu "Kilosa" na kubadilisha mazungumzo. Hakuogopa kuchekwa, angechekwa siku moja akasahau. Aliogopa Imani asije akajua kwamba ule mkono haukuwepo. Na zaidi aliogopa mama yake asije akajua kwamba binti yake alifika ughaibuni akajikuta hana mama wa kusimulia, akalazimika kumtunga.

Safari hii Pekka alikata tiketi mwenyewe, kimya kimya, kama zawadi. Katarina akabaki na kinga moja tu: mila. Kwa watu wa milima ya Kilosa, mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kama wana la kuambiana, hulipitisha kwa mtu. Mtu huyo angekuwa yeye. Kila swali na kila jibu vingepita kinywani mwake, naye angevichuja. Alimfundisha Pekka mila hiyo ndani ya ndege. Pekka alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, kisha akauliza kwa nini hawakuhamia huko mapema.

Siku ya nne nyati wakaisha, wakashika njia ya Kilosa. Njiani wakapita kijiji cha Ulaya, ambacho kipo pale na kina jina hilo hilo, na Imani alipoona kibao alipiga kelele. "Mama, tumerudi?" Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Katarina hakucheka. Alikuwa akimtazama Pekka akikitazama kile kibao, na alijua mtu huyu anajifunza kuviamini vibao vya Kilosa.

Kweli walipoingia mjini na kukutana na kibao cha ofisi ya kata, Pekka aliomba gari lisimame. Alishuka, akalisoma jina herufi kwa herufi, akapiga picha tatu. Aliporudi garini macho yake yalikuwa mekundu.

"Wamekijengea ofisi," alisema.

"Kinapendwa sana," alisema Katarina. Alijisikia akisema, kama mtu anayejiona akianguka kwenye ngazi.

Nyumbani mapokezi yalikuwa mazuri kupita kiasi. Mama Generoza, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka, aliyesomesha mtoto kwa mchicha na nyanya za sokoni, alisimama nyuma ya kona ya nyumba ili asikutane uso kwa uso na mkwe. Pekka naye alisimama upande wa pili wa kona, akatazama chini, akasema "shikamoo" moja safi, akanyamaza saa nzima. Majirani walishangaa. Wakwe wa hapahapa siku hizi wanamshika mama mkwe mkono na kumwita mamii. Huyu katoka kwenye barafu, na ndiye anayejua adabu. Hakuna aliyewaambia kwamba huko kwao hivyo ndivyo anavyoishi na kila mtu.

Kisha Pekka akatoa zawadi ya mama mkwe: pakiti sita za zabibu kavu, kwa kuwa alisikia kwamba siku hizi huku ni adimu. Mama Generoza alizipokea kwa mikono miwili kutoka kwa Katarina, akazigeuza, akazinusa.

"Labda kwao ndiyo heshima," alinong'ona, akazipanga kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Pigo la pili lilikuwa sebuleni. Ukutani, baina ya Bikira Maria na kalenda ya parokia, palikuwa na picha kubwa ndani ya fremu: meza ya Krismasi ya Tampere, mishumaa, na katikati bakuli la Mabwerebwere, kijani kibichi. Katarina aliituma miaka iliyopita bila maelezo. Mama yake alikuwa akiwaonyesha watu wa jumuiya na kuwaambia kwamba hicho ndicho chakula cha Wazungu, anachopikiwa mwanawe na wakwe. Pekka alisimama mbele ya ile picha muda mrefu. Hapa wanakitundika ukutani, aliwaza, karibu na Mama wa Mungu. Akatoka nje kunyoosha miguu kabla hajalia mbele za watu.

Na huko nje ndiko mambo yalikoharibika. Alifika dukani, akanunua soda, akaulizwa kwa upole kilichomleta. Pekka, ambaye furaha ilikuwa imemlegeza ulimi, alijibu kwa Kiswahili alichofundishwa na mkewe.

"Nimekuja kula Mabwerebwere."

Watu wakacheka.

"Miaka kumi na minne nangoja," alisema Pekka. "Sasa nimefika. Nitakula yote."

Kicheko kikakatika. Kilosa si mahali pa kulichezea neno "kula" likiwa limekaa jirani na jina la mahali. Watu wameona mashamba yakiliwa, wameona mabonde yakiliwa, mkulima na mfugaji wamegombea bonde moja wakastukia aliyelila ni mtu wa tatu ambaye hawakumwona hata kwa sura. Mpaka jua linazama, kata nzima ilikuwa na habari kwamba mkwe wa Generoza si mtalii. Zile picha tatu za kibao, walisema, zilikuwa za kupimia.

Asubuhi, Katarina alipokuwa akitoka na sinia la chai, aliwakuta wageni wawili wameshakaa barazani na Pekka. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hezekia, na daftari lake. Wa pili alikuwa Ndaki, Msukuma aliyekuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, akahamishwa Msowero, akahamishwa Rudewa, akauza ng'ombe akanunua mashine ya kusaga hapo Mabwerebwere na kuapa kwamba hahami tena mpaka ahamishwe na jeneza.

"Mkwe," alisema Hezekia, "hatupendi maneno ya barabarani, tumekuja kuyasikia kwa mwenyewe. Inasemekana umekuja kula Mabwerebwere."

"Ndiyo," alisema Pekka, akafurahi kuona mpaka serikali imepata habari.

"Yote?"

"Nikiweza."

Ndaki alishika kichwa. "Na sisi tuliopo je?"

Pekka alifikiri. Aliona hilo ni swali la haki, kwa kuwa mgeni hawezi kula peke yake. "Nyinyi pia mtapata," alisema. "Kila nyumba kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Pekka hakuwa na uhakika na neno, akaonyesha kwa mikono: duara, ukubwa wa sahani. Ndaki aliliangalia lile duara kwa muda.

"Mwenyekiti," alisema kwa sauti iliyokauka, "hapo hata choo hakiingii."

"Tulia, Ndaki." Hezekia alikuwa akiandika. "Mkwe, kibali umepewa na nani?"

"Mke wangu. Lakini ni ya mama mkwe. Yeye mwenyewe."

Hezekia akaacha kuandika. Wote wawili wakageuka kuitazama nyumba ya Generoza, mama wa mchicha, ambaye kumbe siku zote hizo alikuwa mmiliki wa kata.

Katarina alisimama na sinia lake, chai inapoa. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na ingemaliza kila kitu: jamani, ni chakula, na nilikitunga mimi. Hakuisema. Hapo ndipo aibu yake ilipofika mwisho wa njia, maana alijikuta akipiga hesabu, na akaona ni nafuu mumewe aitwe mnyang'anyi wa ardhi kwa siku mbili tatu kuliko yeye aitwe mwongo mbele ya mtoto wake. Wataondoka Jumapili. Watu watasahau.

"Mwenyekiti," alisema, "mambo hayo bado yako kwenye mazungumzo."

Ndaki akasimama. "Umesikia? Bado yako kwenye mazungumzo!"

Na pengine wangefika kwa mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo kama Imani asingekuwa dirishani. Katarina alikuwa ameuziba mlango wa mkwe na mama mkwe kwa ufundi wote, akasahau kwamba baina ya bibi na mjukuu hakuna mlango. Tangu jana wawili hao walikuwa wakiitana mke mwenza na kupigana vijembe jikoni.

"Siyo ardhi!" Imani alicheka. "Ni chakula! Mabwerebwere ni chakula cha bibi. Bibi alimfundisha mama akiwa mdogo, anamkalisha kwenye kigoda, anaimba, anaweka mkono wake juu ya mkono wa mama. Hata Finland wote wanajua."

Uani, mchi uliokuwa ukitwanga ukanyamaza.

 Katarina alisikia hatua za mama yake zikija, zikasimama nyuma ya kona. Upande wao ulionekana upindo wa kanga tu. Alitamani ardhi ipasuke, hata kama ingemlazimu Ndaki ahame tena.

"Generoza," Hezekia aliiambia ile kanga. "Eti kuna chakula hapa kinaitwa Mabwerebwere? Mimi nina miaka sitini na nne, nimezaliwa hapa, kitovu changu kimezikwa hapa. Sijawahi kukisikia."

Kanga haikutikisika. 

"Umezaliwa hapa," ilisema sauti ya mama yake, "lakini kwangu umewahi kula?"

"Sijawahi, lakini—"

"Basi utakijuaje?" Sauti ilikuwa kavu, ya sokoni, ya mtu asiyepunguza bei. "Ni chakula cha nyumba hii. Jina tumekipa wenyewe. Njooni saa saba mle, na Ndaki aje, aone kama kinaweza kumhamisha. Katarina, weka hilo sinia, njoo jikoni unisaidie."

Jikoni, mama Generoza alifunga mlango, akageuza ndoo juu chini, akakaa. Alikuwa na fungu la majani ya maboga mapajani. Katarina alisimama kama alivyokuwa akisimama miaka ile, karibu na mlango, tayari kufukuzwa.

"Haya," alisema mama yake. "Nieleze. Nilikufundisha nini?"

"Mama, nisamehe—"

"Sijauliza msamaha. Nimeuliza majani. Wageni wanakuja saa saba na mimi sijui nilikuwa napika nini."

Basi Katarina akaanza kumfundisha mama yake kile ambacho mama yake alimfundisha. Spinachi, alisema, na mama akanyanyua majani ya maboga na kusema ni haya. Siagi ya karanga. Mama akasogeza kinu kilichokuwa na karanga alizokwisha kuzitwanga kwa kazi nyingine. Samaki wa moshi. Mama akatungua kambale mkavu darini. Pilipili kichaa mama aliitia bila kuuliza, maana alisema hata kama ni mama wa kutungwa, hawezi kupika chakula cha wagonjwa.

"Na zabibu kavu," alisema Katarina, akitazama sakafu.

Mama Generoza akaacha kuchuna majani. "Mimi nilitia zabibu?"

"Ulizipata kwa masista."

"Masista wale hawakunipa hata maji ya kunywa siku nilipokupeleka, na nilitembea tangu alfajiri."

"Lakini ulizitia, mama."

Mama alimtazama, kisha akatazama kule kabatini ziliko zile pakiti sita. Mabega yakaanza kumtikisika. "Na mimi nimewaambia jumuiya nzima kwamba ile ya ukutani ni vyakula vya Kizungu," alisema, na hapo wote wawili wakashindwa, wakacheka mpaka wakashikilia kuta, wakiziba midomo kwa kanga ili mkwe asisikie. Katarina hakukumbuka kama aliwahi kucheka na mama yake hivyo. Hakukumbuka kwa sababu haikuwahi kutokea.

Kicheko kilipoisha, mama alirudi kwenye majani yake, akayachuna uzi mmoja baada ya mwingine.

"Na huo mkono," alisema bila kuinua uso. "Huo wa juu ya mkono wako. Uliutoa wapi?"

Katarina angeweza kutunga kitu. Fundi ni fundi. Akasema, "Niliutaka tu."

Majani yakaendelea kuchunwa. Nje Ndaki alisikika akimwuliza Pekka bei ya pampu.

"Nilikuwa nakufukuza hapa," alisema mama, "kwa sababu niliogopa ukikaa utabaki. Mimi nilikaa, nikabaki. Nikasema huyu asijue hata moto unawashwaje, labda atafika mbali." Akatikisa maji kwenye majani. "Ukafika mbali mno. Sikupima vizuri."

Hakumshika mkono. Hakuwa mtu wa mambo hayo, na sufuria lilikuwa limeshaanza kuchemka. Alimwambia asogeze kuni, na Katarina akazisogeza vibaya, akaambiwa azisogeze tena.

Saa saba wanaume walikaa barazani, Pekka katikati, Hezekia na Ndaki pembeni, Imani kwenye mkeka. Mama Generoza alijipakulia akakaa uani, nyuma ya kona yake, mahali ambapo mkwe asingemwona akitafuna. Katarina alibaki kwenye kona yenyewe, jicho moja huku na jicho moja kule, kama mlinda lango la forodha.

Pekka alikata tonge, akachovya, akala. Akala tena, taratibu. Katarina alizijua sura zote za mume wake, ya uchovu, ya hasira, ya kuridhika, lakini hii hakuwahi kuiona. Ndaki alikuwa ameshaomba kuongezewa. Hezekia alisema kwamba kweli, sasa anakumbuka, bibi yake alikuwa akikipika kitu cha namna hii, zabibu na nini, zamani hizo. Hakuna aliyembishia.

"Kati," alisema Pekka hatimaye, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote. "Hii ni nyingine. Hii ndiyo yenyewe." Akamtazama mkewe kwa huruma ya mtu anayelazimika kutoa habari mbaya. "Wewe unakosea. Miaka kumi na minne unakosea."

Hezekia alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Imani alimtazama mama yake kwa mshangao. "Lakini mama, si alikufundisha?"

"Muulize mama," alisema Pekka, bado akimtazama mkewe. "Kwa nini yako haiko kama yake?"

Hapakuwa na haja ya kuuliza, kona haikuwa mbali kiasi hicho, lakini mila ni mila. Katarina alizunguka upande wa uani. Mama yake alikuwa na sahani mapajani na alikuwa ameacha kula. Alikuwa amesikia kila neno. Safari hii hakuharakisha jibu kama alivyomharakishia mwenyekiti. Alilitafuta, na alipolipata alimtazama binti yake machoni.

"Mwambie mkwe," alisema, "uliondoka mapema. Sikumaliza kukufundisha."

Katarina alirudi barazani. Kazi ya mjumbe ni kufikisha maneno kama yalivyotoka, bila kuongeza na bila kuchuja. Pekka alikuwa anangoja, na Imani pia.

"Anasema niliondoka mapema," alisema. "Anasema hakumaliza..."

Sauti ikamkatika hapo. Hezekia akamsogezea kikombe cha maji haraka, akiwaambia wengine kwamba ni ile pilipili.